Boti Zilizopanda Mlima

Ndugu zetu wa Kitura, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila mwaka tunapowaletea kijarida hiki cha harambee, kurasa za mwanzo huwa za hesabu: kilichochangwa, kilichotumika na kilichobaki. Hesabu za mwaka huu zipo, na tunawaomba mzisome kwa makini kama kawaida yenu. Lakini kabla hatujafika kwenye ombi letu, tumeona tuwasimulie habari moja ya kweli. Ni habari ya boti mbili za mbao zenye injini, zilizoletwa kutoka Uingereza mwaka 1915 na kuvushwa milima ya Kongo hadi zikafika Ziwa Tanganyika.

Mtatuuliza: sisi watu wa Mbinga, watu wa kahawa, mahindi na maharage, tuna nini na boti? Swali ni la haki. Wengi wetu ziwa tunalijua kwa usipa mkavu unaopandishwa huku juu kwa magunia, na kwa safari chache za Mbamba Bay. Hata hivyo, hadi Wilaya ya Nyasa ilipotengwa mwaka 2012, ufukwe wote wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ulikuwa ndani ya wilaya moja na sisi. Na habari hii, ingawa inaishia Ziwa Tanganyika, inaanzia hapo Liuli.

MZINGA WA LIULI

Wajerumani walipotawala, Liuli waliiita Sphinxhafen. Sababu ni jabali lililopo pale bandarini, ambalo ukilitazama kutoka majini linafanana na ile sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Hapo ndipo walipokuwa wakiipandisha meli yao ya mvuke, Hermann von Wissmann, ilipohitaji matengenezo. Meli hiyo ya chuma ilikuwa imeletwa kwa vipande kupitia mto Zambezi na mto Shire, ikaunganishwa huko kusini, ikaingizwa majini mwaka 1893.

Waingereza nao walikuwa na meli yao, Guendolen. Nahodha wake, Edmund Rhoades, na nahodha wa meli ya Wajerumani, Berndt, walikuwa marafiki. Walipokutana bandarini walikunywa pamoja. Agosti 1914 vita ilipotangazwa huko Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Tarehe 13 mwezi huo akafika Liuli, akaikuta Wissmann iko nchi kavu, imepandishwa kutengenezwa. Akaamuru mzinga upigwe. Risasi nyingi zilikosa. Mwishowe moja ikapata, na meli ya Wajerumani haikuwa na kazi tena katika vita ile. Berndt, ambaye hakuwa na habari yoyote kwamba nchi zao zinapigana, alipanda mtumbwi mdogo kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake amepatwa na nini. Akachukuliwa mateka. Huko London magazeti yakatangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa.

Watu hulisimulia tukio hilo kwa kicheko, na kweli lina kichekesho chake. Lakini matokeo yake hayakuwa ya kuchekesha. Katika nchi isiyokuwa na barabara, mwenye chombo ziwani ndiye aliyeweza kusafirisha askari, chakula na risasi. Kuanzia siku ile Waingereza walitawala maji ya Ziwa Nyasa hadi vita ilipokwisha, na vita ilipopanda huku kwetu nyanda za juu, ziwa lilikuwa njia yao.

Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa kinyume kabisa. Huko Wajerumani ndio waliokuwa na vyombo. Walikuwa na meli mbili ndogo za mvuke, Hedwig von Wissmann na Kingani, na walikuwa wakiunda Kigoma meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani ndani ya maelfu ya masanduku. Mwezi uleule wa Agosti 1914, Hedwig ilishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji upande wa Kongo. Tangu hapo ziwa lote likawa la Wajerumani.

VIPANDE KWA VIPANDE

Kabla hatujaendelea, tukumbuke meli zilivyofika kwenye maziwa yetu. Hakuna meli kubwa iliyokuja Ziwa Nyasa ikielea kutoka baharini. Mto Shire una maporomoko, na palipo na maporomoko meli hufunguliwa, hubebwa, kisha huunganishwa tena.

Mfano unaotuhusu ni Chauncy Maples, meli ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambayo kwa miaka mingi ilihudumia vituo vya mwambao, Liuli kikiwemo, ikiwa zahanati, shule na kanisa kwa pamoja. Ilipewa jina la askofu wa Likoma aliyekufa maji ziwani mwaka 1895. Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, ikafungwa katika vifurushi 3,481. Vifurushi vile vilipita kichwani na mabegani mwa watu. Birika lake la mvuke lilikuwa kipande kimoja cha tani 11, halikuweza kugawanywa. Likawekwa juu ya magurudumu na kuvutwa na Wangoni 450 wa ng'ambo ya ziwa, jamaa za Wangoni wa Songea, kwa umbali wa kilomita zipatazo 100. Meli ikaingia majini mwaka 1901.

Mtu akisoma habari za meli hiyo atakuta jina la askofu, jina la fundi aliyeichora na jina la kiwanda. Kuhusu wale 450 atakuta idadi tu.

MIMI NA TOUTOU

Sasa turudi kwenye boti zetu mbili. Mwezi Aprili 1915, mwindaji mmoja wa tembo aitwaye John Lee, aliyeijua Kongo kwa miguu yake, alikwenda London kwenye makao makuu ya jeshi la maji. Akawaeleza wakubwa kwamba Wajerumani wanaweza kuondolewa Ziwa Tanganyika ikiwa zitapelekwa boti ndogo zenye mwendo mkali. Kusubiri meli ya chuma iundwe na kufunguliwa vipande kungechukua muda mrefu mno. Boti ndogo zingeweza kwenda nzima nzima.

Zikapatikana mbili katika kiwanda cha Thornycroft, kando ya mto Thames. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 na ushei na upana wa karibu mita 2 na nusu. Zilikuwa za mbao za mahogani, jamii ya mkangazi wetu. Kila boti ilikuwa na injini 2 za petroli, kila injini na nguvu ya farasi 100, na kwenye majaribio ziliweza kwenda kama kilomita 35 kwa saa. Meli za Wajerumani hazikufikia hata nusu ya mwendo huo. Mbele ikafungwa mzinga mdogo, nyuma bunduki ya rashasha.

Wepesi huo ulikuwa na bei yake. Mbao nyembamba hazizuii risasi, na petroli inashika moto kwa cheche moja. Tena boti ya mbao ikikaa juani mbali na maji, mbao zake husinyaa na maungio hufunguka. Ndugu zetu wa mwambao wanalijua hilo vizuri. Boti iliyokaa muda mrefu mchangani, siku ya kwanza majini hunywa maji hadi mbao zivimbe tena.

Mkuu wa msafara alikuwa ofisa wa jeshi la maji, Geoffrey Spicer-Simson. Alipotakiwa kuzipa boti majina, alipendekeza Mbwa na Paka. Wakubwa wake wakakataa. Akaleta mengine: Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa cha watoto wadogo maana yake ni ileile, paka na mbwa, ila wakubwa hawakugundua. Kwetu sisi tunaosema Kiswahili jina lile la kwanza lina maana nyingine, na tutalirudia mwishoni.

KUPANDA MITUMBA

Msafara uliondoka Uingereza katikati ya Juni 1915 ukiwa na watu wasiozidi 30. Meli ikawafikisha Cape Town. Kutoka hapo boti zilipakiwa kwenye mabehewa ya treni zikavuka Afrika Kusini na Rhodesia hadi Katanga, zikafika Fungurume mwanzoni mwa Agosti. Reli ikaishia hapo. Mbele yao kulikuwa na pori na milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 hadi stesheni ya Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianza. Sehemu ya juu kabisa ya njia ilifika takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni mbali juu kuliko mji wa Mbinga.

Mjiulize wenyewe ingekuwaje mtu akituambia tuipandishe boti nzima kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kabla ya barabara ya lami, kwa kamba.

Barabara haikuwepo. Ilibidi itengenezwe kwanza. Mamia ya watu wa vijiji vya Katanga walikata miti, wakang'oa visiki, wakasogeza mawe, wakajaza mabonde. Madaraja yaliyojengwa kwa magogo na matawi yalizidi 100. Nyuma yao zikaja boti, kila moja imelala juu ya gari lake la magurudumu, zikivutwa na matrekta 2 ya mvuke na makumi ya ng'ombe. Mashine hizo zilikula kuni na kunywa maji. Kuni zilikatwa na wenyeji na kupangwa kando ya njia mapema. Palipokuwa na mwinuko mkali, trekta lilishindwa, na hapo zilitumika kamba, ng'ombe na mabega ya watu. Penye mteremko, watu walewale walirudi nyuma ya gari kulizuia lisiporomoke, kamba zikizungushwa kwenye mashina ya miti.

Halafu maji yakaisha. Kulikuwa kiangazi, na katika sehemu moja ya njia hapakuwa na kijito karibu. Bila maji matrekta yangesimama, na boti zingebaki juani zikipasuka. Waliookoa msafara walikuwa wanawake wa vijiji vya jirani. Walijipanga na mitungi kichwani, wakateka maji mbali, wakayaleta hadi kwenye matrekta.

Safari ile ya milimani ilichukua karibu wiki sita, kuanzia tarehe 18 Agosti hadi mwisho wa Septemba. Kutoka Sankisia boti zilikwenda kwa reli fupi hadi Bukama, zikaingia mto Lualaba. Mto ulikuwa na maji machache, zikakwama mara nyingi kwenye mchanga na kusukumwa na watu waliosimama majini. Kutoka Kabalo zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tangu London zilikuwa zimesafiri karibu kilomita 16,000.

Na John Lee, mwenye wazo lenyewe, aliyetangulia kuichagua njia na kuwakusanya wafanyakazi? Hakuwepo. Alikuwa ameondolewa kwenye msafara kabla ya boti kufika ziwani.

DAKIKA 11

Huko ziwani hapakuwa na bandari ya kuzificha boti na upepo. Ilibidi ijengwe kwanza ndogo ya mawe, na hiyo nayo ni kazi ya mikono. Boti ziliingizwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, Kingani ikaonekana ikipita karibu na pwani. Mzinga wake ulikuwa unapiga mbele tu. Mimi na Toutou zikatoka, zikazunguka nyuma yake kwa mwendo wao mkali, zikafyatua. Baada ya dakika 11 nahodha wa Kingani alikuwa amekufa na meli imesalimu amri. Waingereza waliivuta hadi ufukweni, wakaitengeneza, wakaiita Fifi.

Wajerumani hawakujua kilichoipata Kingani. Hedwig ikatumwa kuitafuta, na tarehe 9 Februari 1916 ikakutana na Fifi pamoja na Mimi. Ikapigwa, ikashika moto, ikazama. Iliyobaki ni ile kubwa, Götzen. Siku iliyofuata ikapita mbele ya macho yao, lakini Spicer-Simson akakataa kuifuata. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya kuipaka injini yake mafuta mazito ili isiharibike. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo hiyo MV Liemba ya Kigoma, iliyobeba wasafiri wa Ziwa Tanganyika kwa vizazi kadhaa.

Spicer-Simson alipewa nishani. Alikuwa mtu wa kujikweza, mwili umejaa michoro, akivaa sketi badala ya suruali, na wenyeji wa Kalemie walimpa jina la utani, Bwana Chifungatumbo. Mwaka 1935 mwandishi C. S. Forester alitoa riwaya iliyochochewa na habari za ziwa lile wakati wa vita, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu mashuhuri. Katika filamu hiyo boti inashuka mtoni ikiwa na Wazungu wawili tu.

WALIOBEBA

Hapa ndipo tunapotaka kusimama nanyi kidogo.

Mapigano yale ya kwanza yalichukua dakika 11. Kupanda na kushuka Mitumba kulichukua karibu wiki sita. Vitabu vina jina la kila ofisa, na hata majina ya boti na maana zake. Aliyejenga daraja la hamsini, au mama aliyeshika mtungi wa mwisho matrekta yalipokuwa yamesimama, hana jina popote.

Wala si msafara ule peke yake. Vita yote ya Afrika Mashariki ilipiganwa kwa migongo ya wapagazi. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya watu kubeba chakula na risasi, wengi wao kwa lazima. Ng'ambo ya ziwa letu waliitwa tengatenga. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, ambako kila Mkitura afikaye Dar es Salaam hakosi kupita, limetokana na lile jeshi la wapagazi lililopiga kambi hapo. Na pale katikati ya jiji, kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni askari mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayupo.

Hatusimulii haya ili tuwalaumu watu waliokufa zamani. Tunayasimulia kwa sababu sisi wenyewe, katika chama hiki, tumewahi kufanya jambo hilohilo.

Wazee wa kamati wanakumbuka. Tulipojenga kivuko chetu cha kwanza tuliweka kibao kizuri. Tukaandika jina la mgeni rasmi, majina ya viongozi na majina ya waliotoa fedha nyingi. Waliochota mchanga mtoni, akina mama walioponda kokoto, vijana walioshinda ndani ya maji siku tatu wakishikilia mbao za zege, hawakuandikwa. Hakuna aliyelalamika. Lakini mwaka uliofuata tulipopiga mbiu ya kazi nyingine, waliojitokeza walikuwa wachache, na sisi tukasema watu wa siku hizi wamekuwa wavivu. Ilituchukua muda mrefu kuelewa kwamba uvivu haukuwa wao. Tuliwafanya waone kazi ni yao na kivuko ni cha wengine.

Wazazi wetu hawakuwa hivyo. Angalieni ngoro, mashimo yetu ya mlimani yaliyozuia udongo wa Umatengo usiende ziwani kwa zaidi ya miaka 100. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba na kufukia. Ukiondoa kazi ya upande mmoja, hakuna shimo, kuna mteremko tu. Hakuna mtu anayesimama shambani akasema ngoro hizi ni zangu peke yangu.

OMBI LA MWAKA HUU

Mambo mengi yamesogea. Lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, njia ambayo zamani gari lililala mara mbili kwenye tope. Kahawa na maharage yetu yana njia pana kuliko wakati wowote. Lakini lami haiingii mlangoni kwa kila mtu. Kati ya nyumba zetu na barabara kubwa kuna njia zetu za vijijini, kuna vijito, na kila kifuku vijito hivyo hutukata.

Kifuku kilichopita mama mmoja mjamzito alibebwa kwa machela usiku. Vijana wanane walipokezana, wanne wanne, wakavuka maji ya kiuno hadi mahali gari lilipoweza kusimama. Mama na mtoto wako salama, Mungu ashukuriwe. Tulipokwenda kuwashukuru vijana wale na kuwaomba majina yao, mmoja wao alituuliza, "Ya nini? Mnataka kutudai nini?" Swali hilo lilitunyima usingizi. Kijana wa Kitura amezoea kwamba jina lake likiulizwa ofisini, kinachofuata ni deni.

Kwa hiyo mwaka huu tunachanga kwa ajili ya vivuko na makalvati kwenye njia hizo. Makadirio yako kwenye ukurasa wa hesabu, na mhasibu wetu yuko tayari kujibu swali la mtu yeyote. Walio mbali wanaombwa fedha. Walio nyumbani wanaombwa mawe, mchanga na siku za kazi. Hatutaki mtu aone mchango wa namna moja ni mkubwa na wa namna nyingine ni mdogo. Saruji bila mchanga ni unga tu, na mchanga bila saruji unaondoka na mvua ya kwanza.

Na tumekubaliana jambo moja katika mkutano, ambalo tunaahidi mbele yenu. Kijarida cha mwakani kitakuwa na orodha moja, si mbili. Aliyetuma fedha kutoka Dar es Salaam ataandikwa. Aliyebeba mawe kwa siku mbili ataandikwa. Akina mama watakaopika uji wa wafanyakazi na kuteka maji ya zege wataandikwa. Majina yatafuata herufi, hayatafuata kiasi. Katibu amekwisha kununua daftari. Majina ya kwanza ndani yake ni ya wale vijana wanane wa machela, na safari hii tumewaeleza vizuri kwamba hawadaiwi kitu.

Tulisema tutalirudia jina la ile boti. Mwingereza yule aliiita Mimi bila kujua neno hilo lina maana gani kwetu. Ikaitwa Mimi Uingereza, ikaitwa Mimi Cape Town, na vitabuni ni Mimi hadi leo. Lakini pale Mitumba, kwenye mwinuko ambapo trekta lilishindwa na boti ikasimama, "mimi" hakuwa na uwezo wa kusogea hatua moja. Aliyeivusha boti ile ni "sisi".

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karibuni tuchange, karibuni tubebe, na tafadhali, mtakapokuja, mpitie kwa katibu kwanza mwandike majina yenu.

Wenu katika kazi ya nyumbani,
Kamati ya Harambee